Mashine Yangu Ilikataa Jina la Naserian

Siku moja nilimwambia baba kwenye simu kwamba nimeshinda nakagua kodi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa furaha, "Kwa hiyo TRA wamekuita?" Nilicheka mpaka dakika zikaisha. Kwetu sisi tunaosoma ualimu wa hisabati na kompyuta, kodi ni ile mistari ya programu, ambayo vitabuni inaitwa msimbo. Baba angependa nikague ile nyingine, yenye mshahara.

Lakini nilichomwambia kilikuwa kweli. Wakati wa TP mwaka jana nilitengeneza kanuni ya kukagua msimbo wa wanafunzi, nikaiamini kabla sijaijaribu vizuri, ikamkosea mtoto wa watu. Naandika haya kwa sababu wadogo zetu wa mwaka wa pili mnajiandaa kwenda TP, na najua wengi mtabeba laptop mkiwa na hamu ya kuionyesha shule nzima mnachojua. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kwa asiyesoma kompyuta, nieleze kidogo. Mwaka 1978 Stephen Johnson, mtaalamu wa Bell Labs kule Marekani, aliandika programu ya kupekua msimbo wa lugha ya C na kuonyesha mahali panapotia shaka. Akaiita lint, jina la zile nyuzinyuzi zinazoganda kwenye nguo. Nguo yenye nyuzinyuzi inavalika, ila ukizitoa unapendeza zaidi. Tangu hapo programu za namna hiyo zinaitwa linta. Kwa lugha ya JavaScript kuna linta maarufu sana, ESLint, iliyoanzishwa na Nicholas Zakas mwaka 2013. Raha yake ni kwamba haikufungi kwenye kanuni zake tu. Unaweza kuandika ya kwako.

Inavyofanya kazi haiko mbali na somo la Kiswahili. Mnakumbuka kuchanganua sentensi kwa njia ya matawi? Sentensi juu, inashuka kikundi nomino na kikundi tenzi, mpaka unafika kwenye neno moja moja. ESLint inafanya vivyo hivyo: inasoma faili, inaligeuza kuwa mti, kisha inautembelea tawi kwa tawi. Kanuni yako inaiambia tu, "Ukifika kwenye tawi la aina fulani, niite niangalie." Ukiona kasoro, unaripoti, na ujumbe unatokea kwenye skrini pamoja na namba ya mstari.

Shule niliyopangiwa ilikuwa ya kata, mkoani Arusha, mbali kidogo na lami. Maabara ina kompyuta sita, zinazowaka ni nne. Baada ya vipindi nilianzisha klabu ya programu kwa kidato cha pili, wakaja wanafunzi 14. Wiki ya tatu nikaona tatizo. Watoto walikuwa wananakili. Mtu anaandika `let total = 0;` kama alivyoiona kwenye mfano wangu ubaoni, ukimwuliza total ni nini, anaangalia dari. Ukimwuliza jumla ni nini, anakujibu kabla hujamaliza swali.

Si unajua tena, sekondari zetu masomo ni kwa Kiingereza. Ila klabu ilikuwa yangu, saa za jioni, hakuna mkaguzi. Nikatangaza: humu ndani kila kigeu kitaitwa kwa Kiswahili. Kigeu, kwa wale wa fasihi, ni kisanduku chenye jina kinachobeba thamani. Wanafunzi walifurahi, wakacheka, wakaanza kuita vitu `mbuzi` na `sukari`. Lakini mafaili yalikuwa mengi na macho yangu mawili, nikaona niiachie mashine kazi ya kukagua.

Sasa mashine itajuaje kwamba neno ni la Kiswahili? Hapo nikajiona nina akili. Nikakumbuka somo la fonolojia: silabi zetu ni wazi, maneno yanaishia na irabu. Meza, kitabu, jumla, idadi. Kiingereza kimejaa konsonanti mwishoni. Basi nikaandika kanuni ya mistari michache: ukikuta kigeu kinatangazwa, tazama herufi ya mwisho ya jina lake, isipokuwa a, e, i, o au u, ripoti kosa. Ujumbe niliuandika mwenyewe, kwa lafudhi ya mwalimu mkali: "Hili si jina la Kiswahili. Sahihisha."

Na majaribio nilifanya, msidhani sikufanya. ESLint inakuja na chombo chake cha kupima kanuni, kinaitwa RuleTester. Unakipa orodha mbili. Moja inaitwa `valid`, ya mistari ambayo kanuni inatakiwa iiache ipite. Nyingine inaitwa `invalid`, ya mistari ambayo kanuni lazima iikamate. Mimi nilizipa majina ya kwangu: upande wa wasio na hatia na upande wa wenye hatia. Unahifadhi faili, unafungua temino, unaandika `node jaribio.js`, unapiga ENTER.

Upande wa wenye hatia niliweka mistari 11. Nilikaa nikatafuta maneno kwa bidii: total, sum, count, result, number, student, amount, answer, input, counter, list. Upande wa wasio na hatia niliweka mmoja tu, `let jumla = 0;`. Nikapiga ENTER. Kimya. Mshale ukarudi unapepesa. Kwenye mstari wa amri kimya ndiyo habari njema. Ukiandika `echo $?` unapata 0, na sifuri huku ndiyo ufaulu, tofauti kabisa na kwetu ambako sifuri ni sup. Nikafunga laptop nikalala nikiwa mshindi.

Tazama nilichofanya. Maneno yote 11 niliyachagua nikijua yanaishia na konsonanti. Ni sawa na mwalimu anayetunga mtihani, anaufanya mwenyewe, anajisahihisha, halafu anajipongeza kwa kupata A.

Kesho yake niliweka laptop mezani mbele ya darasa kama mzani wa sokoni. Mwanafunzi anakuja na flashi, ananakili faili lake kwenye folda ya klabu, anaandika `npx eslint` na jina la faili, anasoma majibu, anarekebisha palepale. Intaneti haikuhitajika, maana kila kitu nilikuwa nimeshakipakua kwa waifai ya chuo kabla ya kusafiri. Kulikuwa na alama pia: unaanza na kumi, kila kosa ambalo mashine imelikuta mara ya kwanza linakutoa moja. Na nilisema sentensi ambayo mpaka leo inaniuma. Nilisema, "Mkibishana na mashine, nyinyi ndio muangalie tena."

Kijana mmoja alipata kumi juu ya kumi, tukampigia makofi ya kilo. Binti mmoja anayekaa dirishani, mpole, alipata nane. Alirekebisha kitu haraka haraka, mashine ikakubali, akarudi kukaa.

Jumamosi nikakaa kwenye chumba changu cha kupanga kusoma mafaili yote kwa macho, kwa ajili ya ripoti yangu ya TP. Nikaanza na la yule kijana wa kumi. Vigeu vyake: `name`, `age`, `price`, `average`. Nikasoma mara mbili. Kiingereza kitupu, kimenakiliwa kutoka kwenye kitabu fulani, na kila neno linaishia na e. Mashine yangu iliyapitisha yote kama Kiswahili sanifu, na mimi nikaongoza makofi.

Nikafungua faili la binti wa dirishani. Programu yake ilikuwa fupi na ilikuwa yake kabisa. Ilihesabu ndoo za maji ambazo kila mtu kwao amechota kwa wiki, ili kumaliza ugomvi wa nani anatega. Kulikuwa na `mimi`, kulikuwa na `naseriani`, kulikuwa na `lemayiani`. Nilifundisha darasa lile, majina ya Kimaasai nilishaanza kuyazoea, na hayo mawili hayakukaa sawa machoni.

Jumatatu nikamwita pembeni.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Huyu Naseriani ni nani?"

"Ni mdogo wangu."

"Anaitwa Naseriani?"

"Hapana Madam, anaitwa Naserian."

"Sasa mbona umeandika hivi?"

"Mashine ilisema siyo Kiswahili. Nikaongeza i, ikanyamaza. Na Lemayian pia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia chini. "Ulisema tukibishana na mashine, sisi ndio tuangalie tena."

Aliniambia bila lawama, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza hata maana ya jina, kwamba ni la amani. Mdogo wake wa damu, anayebeba ndoo kila siku, alikuja klabuni kwetu akakuta mlango unamwambia jina lako ni kosa, lisahihishe. Na dada yake akalisahihisha, kwa utii, kwa sababu mwalimu alisema. Mimi niliyeanzisha hiyo sheria ili watoto waandike vitu wanavyovielewa, nilikuwa nimemnyang'anya alama mbili mtoto pekee aliyeandika kitu anachokielewa mpaka mwisho.

Jioni ile nililifungua tena faili la majaribio, safari hii nikiwa na adabu. Nikaanza na upande wa wasio na hatia. Nikaweka `naserian` na `lemayian`. Halafu nikajiuliza, hivi Kiswahili chenyewe kinakubaliana nami? Nikaweka `rais`. Nikaweka `alama1`, maana nayo inaishia na tarakimu. Nikaweka `zanzibar`. Nikaweka `darEsSalaam`. Upande wa wenye hatia nikaongeza `name`, `price` na `average`. Nikapiga `node jaribio.js`.

Hapakuwa na kimya tena. Temino ilijaa maandishi, na kiini chake kilikuwa kwamba mstari wa naserian ulitakiwa usiwe na kosa, limepatikana 1. Ukiendesha namna ile, majaribio yanasimama kwenye anguko la kwanza. Nikamwekea Naserian msamaha maalumu ndani ya kanuni, nikapiga tena: lemayian. Nikamsamehe, nikapiga tena: rais. Kwa kanuni yangu, Rais wa nchi si Mswahili, Zanzibar si Uswahilini, na Dar es Salaam ni kosa la kusahihishwa. Nilicheka peke yangu, lakini kicheko cha aibu.

Ningeweza kuendelea kusamehe jina moja moja mpaka asubuhi. Lakini kila mwaka kuna mtoto mpya na jina jipya, na orodha yangu ya msamaha isingemjua mpaka awe ameshaumia. Nikafikiria kuiunganisha na orodha ya maneno ya kamusi. Naserian hayumo kwenye kamusi, na wala hatakiwi kuwemo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kasoro ilikuwa kubwa kuliko herufi ya mwisho. Nilitaka kujua kama mtoto anaelewa kigeu chake kinabeba nini. Hilo mashine haiwezi kulijua kwa kuangalia jina. Nilichukua kitu kinachopimika kirahisi, nikakiweka mahali pa kitu nilichotaka kupima. Kwenye somo la upimaji na tathmini tumekesha tukikariri uhalali wa mtihani, yaani mtihani upime kile unachodai kupima. Niliujibu vizuri kwenye karatasi. Kwenye temino niliufeli.

Kanuni ile nikaifuta. Nikaandika nyingine, nyepesi: kabla ya kila tangazo la kigeu kuwe na maelezo ya mwanafunzi, kwa maneno yake, kwa lugha yoyote, hata Kimaasai. Mashine inaangalia kama maelezo yapo. Kusoma yanasema nini ni kazi yangu. Nilishusha pia hadhi yake. ESLint ina ngazi tatu: kanuni imezimwa, kanuni inatoa onyo, au kanuni inahesabu kosa. Nikaweka onyo, na ujumbe nikaubadilisha uwe swali: "Kigeu hiki kinabeba nini?" Alama za kukatwa na mashine nikazifuta zote, na darasani nikasema waziwazi kwamba nilikosea, na nani alistahili kumi. Walishangaa kidogo. Mwalimu kukiri kosa mbele ya kidato cha pili si jambo la kila siku.

Kisha nikafanya kile nilichotakiwa kufanya mwanzoni. Kabla kanuni mpya haijaanza kazi, niliandika ubaoni: "Leteni mstari sahihi ambao mnadhani mashine itaukataa." Kila atakayeuonea huruma mstari wake aje aupime. Si lazima faili zima. Unaweza kusukuma mstari mmoja kwenye linta moja kwa moja kutoka kwenye temino, hivi:

`echo "let rais = 1;" | npx eslint --stdin`

Kelele zilizotokea maabara ile sijawahi kuzisikia kwenye kipindi changu chochote. Watoto walikuwa wanaikaba mashine kama wanasheria. Na walipata. Yule yule kijana wa makofi ya kilo alileta kitanzi cha `for (let i = 0; i < 7; i++)`, juu yake ameandika vizuri kabisa "narudia siku saba za wiki". Mashine ikatoa onyo. Kumbe ile `let` imejificha ndani ya mabano ya kitanzi, na kanuni yangu ilikuwa inatafuta maelezo mbele yake mle mle ndani, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyaweka. Mtoto yuko sawa, kanuni imekosea. Mstari wake tukauingiza kwenye upande wa wasio na hatia, mbele ya wote. Tukapiga `node jaribio.js`, ikaanguka. Nikaongeza sharti dogo: kama mzazi wa tawi hili ni kitanzi cha for, liache lipite. Tukapiga tena. Kimya. Darasa likashangilia kimya, kama mtu kafunga goli.

Mpaka TP inaisha upande ule wa wasio na hatia ulikuwa na mistari 23, mingi ikiwa ya wanafunzi wenyewe. Wenye hatia walikuwa tisa. Kila nilipogusa kanuni, hata nukta, niliendesha yote tena kabla ya kumgusa mtoto. Inachukua kama sekunde mbili.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaokwenda TP, naomba mnisikie kwa dakika moja. Si lazima uwe na linta. Mwongozo wako wa kusahihisha ni kanuni. Sheria yako ya nywele, ya kuchelewa, ya "andika jina kamili juu kulia" ni kanuni. Kabla hujaitoa, kaa chini utafute watu watano ambao hawana kosa lolote, wenye maisha tofauti na yako, uone kama sheria yako itawaacha wapite. Kutafuta wakosaji tunajua sana, tumefundishwa na kalamu nyekundu tangu darasa la kwanza. Hao watano wasio na kosa ndio tunaowasahau. Na ukishaitoa, usiwaambie watoto kwamba haikosei, kwa sababu watakuamini.

Faili la binti wa dirishani ninalo mpaka leo kwenye flashi, alinipa mwenyewe siku ya kuagana. Ndoo za wiki ile ya mwisho, Naserian alikuwa anaongoza. Juu ya kigeu chake, kisicho na i mwishoni, dada yake ameandika: "Huyu ni mdogo wangu. Anachota maji kuliko mimi lakini nyumbani hawajui."